Upande wa Pili wa Kanda

Kabla sijaanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zinalala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na mvua, kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto na bado haujazoea. Wa kulia nitaeleza kilichoupata. Makosa ya tahajia nayo yatakuwa mengi. Niliishia darasa la saba, na nyumbani tunaongea Kinamwanga. Kiswahili tulikikuta shuleni, tukachapwa mpaka kikaingia. Naandika polepole, aya moja inaweza kuninyang'anya asubuhi nzima.

Sisi ni watu wa bondeni, upande wa Kamsamba, kwenye joto na mpunga. Mto unaopita kando ya mashamba yetu, mvua zikikatika tu, unabaki mchanga mtupu. Ng'ambo ya mchanga huo wanaishi wafugaji waliohamia kabla sijazaliwa. Ng'ombe wao wakivuka, wanakula mpunga wetu. Sisi tukilima mpaka ukingoni, ng'ombe wao hawana njia ya kwenda kwenye madimbwi yaliyobaki upande wetu. Ni hayo tu. Kwa hayo tu watu wamekatana.

Siku iliyokuwa mbaya kuliko zote ilitokea nikiwa tumboni mwa mama. Siku hiyo baba yangu aliuawa shambani. Siku hiyohiyo, ng'ambo, vijana wa kwetu walichoma banda la ndama, na ndani ya banda mlikuwa na mtoto.

Watu walipochoka kuzika, wazee wa pande zote mbili walikutana mchangani, katikati ya mto. Babu yangu mzaa baba alikuwa na redio kaseti aliyorudi nayo kutoka migodi ya shaba Zambia. Wakakubaliana kwamba kila mwenye msiba asimulie na arekodiwe, ili watoto watakaozaliwa wasije wakadanganywa na wazazi wao. Wakaweka utaratibu. Anayesimulia anakaa chini. Mbele yake anakaa mtu wa upande uliomuumiza, mikono mitupu, haruhusiwi kujibu wala kuondoka. Simulizi ikiisha, yule wa mbele anasema neno moja: "Nimesikia." Neno hilo si kukubali, wala si kuomba radhi. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo hawezi tena kusema hakuambiwa. Asipolisema, simulizi inafutwa na nyingine inarekodiwa juu yake. Na kama msikilizaji wa kwanza ameshakufa na neno likahitajika tena, atakaa mtu wa damu yake ambaye siku ile alikuwa na umri wa kushika panga.

Babu akaongeza lake. Upande wa kwanza wa kila kanda aliweka simulizi ya kwetu, na upande wa pili akaweka ya kwao, ya siku ileile. Ikifutwa moja, na mwenzake inafutwa. Alisema mtu akitaka kuharibu maneno ya mwenzake, aharibu na ya kwake.

Kanda zilikaa kwenye debe la mafuta lililojazwa pumba za mpunga, zisipate unyevu. Babu alipofariki alilitunza bibi, na bibi alipokaribia kufa akanipa mimi. Shuleni walikuwa wananiita bubu kwa sababu sipendi kuongea mbele za watu. Bibi alisema bubu ndiye anayefaa, kwa vile hatachanganya maneno yake na ya wengine.

Katika debe lile kulikuwa na kanda moja niliyoisikiliza kuliko nyingine zote. Upande wa kwanza bibi anasimulia alivyouawa baba yangu. Sina picha ya baba. Lakini katikati ya simulizi bibi anapiga mluzi aliokuwa anaupiga baba akifukuza ndege shambani, wa kupanda, halafu unashuka ghafla. Nimejifunza mluzi ule. Ukiniuliza nimerithi nini kwa baba, nitakupigia.

Upande wa pili anasimulia mzee mmoja mfugaji, ambaye mtoto wake ndiye aliyekuwa bandani. Aliyekaa mbele yake ni babu. Mwisho wa kanda babu anasema "Nimesikia" kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa. Mzee alikuwa ametoka kumtaja kijana aliyefunga lango la banda kwa waya kabla moto haujawashwa. Kijana huyo ni mtoto wa babu. Ni mdogo wake baba yangu. Ni baba yangu mdogo.

Joto la bondeni lilianza kuzila kanda. Nyingine zilikuwa zinanata, sauti inavutika kama ya mlevi. Nikasikia kwamba Tunduma kuna mafundi wanaoweka nyimbo kwenye kadi za simu na wanaweza kuhamisha hata kanda. Nikabeba debe nikaenda.

Fundi nilimpata kwenye kibanda karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Alikuwa kijana mchangamfu, spika mbili mlangoni, bodaboda wamejaa wanangoja nyimbo zao. Akachomeka kanda ya kwanza, na sauti ya mzee mmoja marehemu ikatoka nje kwenye spika zote mbili.

"Dada, huyu mchungaji wa kanisa gani?" bodaboda mmoja akauliza.

"Sikiliza vizuri," mwenzake akamwambia. "Anasema wamemkata mtu mkono."

"Mwekee mdundo hapo chini, fundi. Itapigwa mpaka Lusaka."

Wakacheka. Nilitamani kujifunika kitenge usoni. Fundi akawafukuza, akazima spika za nje, akaendelea kusikiliza kwa vifaa vya masikioni. Kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyokuwa anaacha kunitania. Umeme ulikatika kabla hajamaliza, akahamisha chache tu, ile ya bibi ikiwemo. Akanikabidhi kadi ndogo kuliko ukucha.

"Nimekusafishia," alisema. "Makelele ya mwanzoni na mwishoni nimeyatoa yote."

Nikamshukuru. Sikujua ameniambia nini.

Niliporudi nyumbani nikakuta habari mpya. Ng'ombe walikuwa wamevuka tena, na mkutano wa mipaka ya malisho umeitishwa. Wazee wa sasa wa pande zote wamesema kanda zichezwe kwanza mbele ya watu wote, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Na aliyechaguliwa kusemea wakulima alikuwa baba mdogo.

Alikuja mchana, tunakula. Mkononi alikuwa na mpini wa jembe usio na jembe.

"Bubu," aliniita, "lete debe."

"La nini, baba mdogo?"

"Ehee! Leo bubu ana maswali. Lete."

Mama akasema, "Shemeji, karibu chakula kwanza. Mtoto anakula."

"Sijaja kula. Nataka ile ya mzee wa ng'ombe. Hizo nyingine mbaki nazo, mkaangie hata samaki."

Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "Upande wa kwanza ni bibi."

"Najua."

"Ni mama yako, baba mdogo."

Akaegemea mpini. Nilidhani amelegea. "Mama yangu nimemzika kwa mikono hii," alisema. "Lete."

Debe lilikuwa nyuma yangu. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko. Sikusema kitu, niliuweka tu mkono pale. Akaushusha mpini. Vidole vililia kama mabua makavu. Kabla sijapata hata pumzi ya kupiga kelele akaushusha tena, palepale. Mama alimrukia akamng'ata begani, akang'ang'ania na meno yake kama mbwa, mpaka baba mdogo alipompiga kichwa na damu ikamtoka mama puani. Akamsukuma, akamkanyaga tumboni. Wali ukamwagika, kuku wakaja. Akalibeba debe begani palepale alipong'atwa, akaondoka bila kukimbia.

Kwenye zahanati mhudumu aliuliza imekuwaje. Mama akasema nimeanguka.

"Ameangukia nini?"

"Ameangukia jembe."

Akatuangalia, mmoja baada ya mwingine, akaanza kufunga. Vidole vitatu vya mkono huo havikunjiki tena. Ndiyo maana herufi zangu ziko hivi.

Baada ya siku chache nilipita karibu na shamba la baba mdogo. Mpunga ulikuwa umeanza kubeba masuke na ndege walikuwa wengi. Bondeni watu hutandaza utepe wa kanda za zamani juu ya mpunga, upepo ukipita utepe unavuma na kung'aa, ndege wanaogopa. Shamba lake lote lilikuwa limefungwa utepe mpya, mweusi, kutoka mti hadi mti. Zilikuwa ni zile za debe. Wazee wote wa pande zote mbili, waliokatwa na waliokata, walikuwa wanavuma pale juu. Nikatafuta upi ni bibi. Huwezi kujua.

Nikapiga mluzi wa baba. Ndege wakaruka. Nikarudi nyumbani.

Kilichobaki ni kadi. Baba mdogo hakujua kwamba ipo. Nikaiweka kwenye simu ya mama, nikasikiliza. Bibi yupo, mluzi upo. Nikasubiri mwisho. Bibi anasema, "Hivyo ndivyo walivyomfanya mwanangu," halafu kimya. Nikafungua ya mzee. Nayo inakatika vilevile, kimya, hamna babu. Fundi alikuwa ameikata "Nimesikia" kila mahali. Kwake ilikuwa kelele za mwishoni.

Nilimpigia. "Dada, si kulikuwa na kimya halafu mtu anasema kineno kimoja?" alisema. "Nilidhani wanajaribu mtambo."

Na vipande alivyovikata hakuwa navyo tena.

Basi nilikuwa na simulizi ambazo kwa utaratibu wetu hazifai kutunzwa. Mtu wa mkutano akisema hizi hazina neno, zifutwe, angekuwa na haki. Njia ilikuwa moja tu, neno lisemwe upya. Nikavuka mchanga kwenda kwa yule mzee mfugaji, mkono umening'inia shingoni.

Vijana wake walinizunguka na fimbo kabla sijafika kwenye miiba ya boma.

"Huyu wa mpunga kafuata nini?"

"Kaja kuchagua lango la kufunga."

Mmoja akanisukuma kwa ncha ya fimbo, palepale kwenye bandeji. Niliona giza mchana kweupe. Mzee akatoka. Anatembea kwa kuburuta mguu tangu siku ile ya zamani.

"Mwacheni," alisema. "Huyo ameshavunjwa na wa kwao. Ninyi mtamvunja nini tena?"

Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, akanipa kigoda na maziwa. Nikamweleza. Sijawahi kuongea maneno mengi vile kwa wakati mmoja.

"La bibi yako nilishalisema," alisema. "Nitasema tena, halinipunguzii kitu. Langu nani atalisikia? Babu yako amelala."

"Mtu wa damu yake, aliyekuwa na umri wa kushika panga."

"Basi ni yeye," alisema.

"Ni yeye."

"Atakuja?"

"Sijui, babu."

Nilikwenda kwenye shamba la baba mdogo. Alikuwa ananipa mgongo, anakaza utepe. Nikasimama kwenye tuta la mbali, mahali ambapo nikikimbia hanipati, nikafungua simu. Sauti ya bibi ikatoka, halafu mluzi. Baba mdogo aliganda. Alikuwa hajaisikia sauti ya mama yake tangu tulipomzika. Nikazima. Akageuka akaanza kunijia, panga mkononi.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Njoo mtoni kesho mchana ukaisikie yote," nilisema, nikakimbia.

Alikuja. Tulikutana mchangani saa ya jua kali: mzee, mama, mimi, baba mdogo amevaa koti pamoja na joto lile. Vijana wa ng'ambo walikaa ukingoni kwao, na wa kwetu ukingoni kwetu. Nikaweka kaspika ka kuazima juu ya jiwe, nikakaunganisha na simu ya mama. Simu ya mama ilicheza, na ya kwangu niliishika kwa mkono wa kushoto, inarekodi.

Bibi alianza. Alisema mwanawe alikuwa amesimama kwenye maji ya mpunga, hana kitu ila mawe ya kufukuzia ndege. Alisema mmoja alimkata nyuma ya goti asikimbie, na mwanawe akakaa majini, akawaambia, "Subirini." Bibi anasema hakujua alitaka wasubiri nini. "Wakamkata hapa," anasema, "na hapa," na kwenye kanda unasikia bibi anajipiga shingoni kwa kiganja, pa, pa. Anasema maji yalikuwa mekundu mpaka kwenye jaruba la jirani, na bata wakaendelea kuogelea humo. Halafu ule mluzi.

Baba mdogo alikuwa amechuchumaa, kofia usoni. Simulizi ikaisha, na mzee, bila kuinua sauti, akasema, "Nimesikia."

Nikafungua upande wa pili. Mzee mwenyewe akaanza kusimulia kwenye kaspika, kwa sauti yake ya miaka ile, na mzee akaisikiliza kama ya mtu mwingine. Alisema mtoto alikuwa na homa, akalazwa kwenye banda la ndama kwa sababu kuna kivuli. Alisema yeye alikuwa ameshachomwa mkuki mguuni, anatambaa, anaona kwa mbali. Kijana mmoja akachukua waya akafunga lango. Akauzungusha, akaukaza kwa meno, akauzungusha tena. "Namjua," sauti ilisema. "Alikuwa anakuja kwangu kunywa maziwa." Mwingine akawasha. Ndama wakalia kama watu. Halafu akasikia mtu analia kama ndama.

Nilikuwa namwangalia baba mdogo mikononi. Alikuwa ameokota jani refu la nyasi, analizungusha kwenye kidole, analikaza, analizungusha tena. Hakujua anafanya hivyo. Alipojua, alilitupa kama nyoka, akainuka, na panga likatoka ndani ya koti.

Pigo la kwanza liliipasua kaspika. La pili lilimpata mzee kwa ubapa, upande wa uso, sikio likachanika. Mzee alianguka kiubavu. Vijana wa ng'ambo wakateremka wote kwa pamoja, wa kwetu nao wakateremka. Fimbo ya kwanza ilimshukia baba mdogo mgongoni akapiga magoti. Ya pili ikampata mkononi na panga likaruka. Mmoja akaliokota. Nikaliona linapanda juu. Nikajua leo tunarudia kila kitu, neno kwa neno.

"Kaeni!" mzee alipiga kelele akiwa chini. "Kaeni chini wote! Bado hajajibu!"

Sijui kwa nini walimtii. Labda ni lile neno, "bado". Walikaa, wengine fimbo bado juu. Mzee akajikokota mpaka mbele ya baba mdogo, damu inaingia kwenye ndevu zake nyeupe.

"Umesikia?" alimuuliza.

"Sikusikia."

"Kijana wangu. Umesikia?"

"Sikusikia!" Alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Sikusikia! Sikusikia!"

Mama akasema, "Shemeji, ni neno tu. Sema, twende nyumbani."

Nami nikasema, mbele ya watu wote wale, "Nimesikia mimi."

Mzee akatikisa kichwa. "Wewe ulikuwa tumboni, mjukuu wangu. Haihesabiki."

Baba mdogo aliinuka. Aliniangalia mkono, ule wa bandeji, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia usoni. Akapita katikati ya vijana na hakuna aliyemgusa. Kwenye mkutano wa mipaka hakuonekana, na mkutano wenyewe ukaahirishwa. Sasa haongei na mtu. Asubuhi namwona amesimama shambani kwake, chini ya ule utepe, wakati upepo unapita. Mpunga umeshavunwa, hakuna ndege wa kufukuza.

Simu yangu ilirekodi yote. Sasa nina simulizi ya bibi na "Nimesikia" yake. Nina pia simulizi ya mzee: inafika kwenye ndama, linasikika panga, makelele, halafu mtu anasema "Sikusikia" mpaka anakaukiwa. Kwa utaratibu wetu simulizi isiyo na neno inafutwa, na ikifutwa ya upande mmoja, na mwenzake inakwenda. Nikiufuata, namfuta bibi na mluzi wa baba. Nikiuvunja, nimefanya kile alichotaka baba mdogo, kuchagua cha kubaki.

Nilivuka kumuuliza mzee. Sikio lake limepona vibaya. Alisema katika waliouweka utaratibu amebaki peke yake, na mtu mmoja hawezi kuubadilisha.

Sijafuta. Rekodi nimeihamishia kwenye ile kadi, na kadi nimeishonea kwenye pindo la kitenge. Naogopa kila siku.

Ninyi mnaosoma naomba mniandikie. Mwambieni aliyewapa karatasi hizi, atanifikishia. Mnielezee: mtu akisema hakusikia, na kila aliyekuwepo aliona kwamba amesikia, neno limesemwa au halijasemwa? Na kama wewe ni wa ng'ambo, uliyefiwa na wako kwa mikono ya watu wetu, niandikie wewe kwanza. Andika hata kwa mwandiko mbaya. Nitausoma polepole.